Ameshika Nini Mtazamaji? Mwongozo Kamili wa Kukusanya Maoni Kuhusu Ufunguzi wa Filamu ya Taharuki

Ufunguzi wa filamu ya taharuki unaotengenezwa na wanafunzi aghalabu hauzidi dakika 2, yaani sekunde 120. Ndani ya muda huo mtazamaji atakiwa amtambue mhusika, ahisi kuna jambo haliendi sawa, na atamani kujua linalofuata. Waliopiga picha na kuhariri hawawezi kupima wenyewe kama hayo yametokea. Wao wanaijua hadithi nzima, kwa hivyo kila shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, inawakumbusha mambo ambayo mtazamaji hajayaona.

Mombasa haina uhaba wa watazamaji. Kinachotatiza ni adabu. Mwonyeshe jirani kazi yako nawe umesimama mbele yake, atakwambia, "Mashallah, mmejitahidi." Ni neno zuri na latoka moyoni, lakini mhariri hawezi kukata wala kuunga shoti kwa neno hilo. Basi usimuulize mtu kama kazi ni nzuri. Muulize alielewa nini, alihisi nini, na ilikuwa wapi katika filamu. Hapo hata mwenye haya atasema kweli, maana hakuhukumu wewe. Anasimulia alichokiona yeye.

Lini uonyeshe

Onyesha mara mbili. Duru ya kwanza iwe pale shoti zote zimeshapangwa na mazungumzo yanasikika, lakini rangi haijarekebishwa na muziki ni wa kushikilia nafasi tu. Duru ya pili iwe baada ya marekebisho, kazi ikikaribia kukamilika. Vikosi vingi vya wanafunzi husubiri hadi kila kitu kimemalizika, kisha maoni yanakuja na hakuna tena anayethubutu kugusa kitu. Maoni hayo hubaki kuwa pambo la ripoti.

Kati ya duru ya kwanza na siku ya kukabidhi kazi, jiachie angalau wiki moja. Huenda ukahitaji kupiga shoti mpya, na shoti moja yataka mwigizaji apatikane, nguo ileile iwepo, na mwanga wa saa ileile. Usiruhusu mwigizaji anyoe kabla ya duru ya pili.

Andika kusudio kabla

Chukua karatasi moja, uigawe mara tatu: sekunde ya 20, ya 60 na ya 120. Kwa kila moja andika mtazamaji awe anajua nini, anahisi nini, na anajiuliza swali gani. Tuseme msichana anafunga duka katika kichochoro cha Mji wa Kale magharibi ikiingia. Kufikia sekunde ya 20, mtazamaji ajue kwamba yuko peke yake na mkoba wake una kitu anachokichunga. Kufikia ya 60, awe amemwona mwanamume anayemfuata, ilhali msichana hajamwona. Kufikia ya 120, awe anajiuliza kilichomo mkobani.

Huo mstari wa sekunde ya 60 ndio roho ya taharuki. Alfred Hitchcock, mwelekezi mashuhuri wa filamu za taharuki, alipohojiwa na mwelekezi mwenzake Mfaransa François Truffaut mwaka 1962, alieleza hivi: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, hadhira hushtuka mara moja basi; lakini hadhira ikijua bomu lipo na walioketi mezani hawajui, wasiwasi huendelea muda wote wanapozungumza. Kwa hivyo andika waziwazi ni nani anajua nini, na kufikia sekunde gani. Ndicho utakachokipima. Karatasi hiyo itie tarehe, uifunge kwenye bahasha. Bila bahasha, kikosi kikishasikia maoni huanza kusema, "Hata sisi tulitaka ichanganye kidogo."

Watazamaji

Jicho la kwanza la mtu halirudi. Aliyeiona kazi mara moja hawezi tena kukwambia kama inaeleweka, kwa hivyo usiwamalize watu wote duru ya kwanza. Ukiweza kupata watu 30, tumia 10 hadi 12 sasa na uwaweke waliobaki. Usitume vipande kwenye kundi la WhatsApp la darasa kabla ya hapo. Wenzako wote watakuwa wameshachakaa kama watazamaji.

Waondoe waliosoma hadithi, waliobeba taa, na walioazima nguo. Wazazi na ndugu wa waigizaji wakae kando pia, kwa sababu mama akimwona mwanawe kwenye skrini haoni kitu kingine. Chagua wengi walio katika umri unaolengwa, tuseme miaka 16 hadi 24, kisha ongeza watu wawili watatu wasiopenda filamu za aina hii. Hao ndio watakaokuonyesha panapochosha. Vijana wa sanaa na teknolojia wanaokutana kwenye kituo cha Swahilipot, karibu na Fort Jesus, ni watazamaji wazuri, ila wakiwa wengi mno utapata mjadala wa lenzi na pembe za kamera badala ya khofu. Changanya.

Weka pia angalau watu wawili wasioijua Mombasa, maana mwenyeji hutazama kwa macho ya ramani. Mhusika akikata kona Ndia Kuu, Mji wa Kale, na shoti inayofuata anatokea Bombolulu, ng'ambo ya maji, mtu wa hapa ataacha kuogopa na kuanza kujiuliza daraja la Nyali amelivuka saa ngapi. Mgeni hataona chochote. Usipokuwa na wageni hutajua kama kicheko kilitokana na hadithi mbovu au na njia isiyowezekana, na tiba za mambo haya mawili ni tofauti kabisa.

Ukiwaalika, usiseme ni filamu ya taharuki. Sema tu, "Njoo utazame kitu cha dakika 2, utupe nusu saa yako." Ukiitaja aina yake, utakuwa umemjibia swali muhimu.

Ruhusa

Usihitaji majina. Mpe kila mtu alama: M1, M2, M3. Ukitaka kurekodi sauti au nyuso zao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yakutaka upate ridhaa, na kwa aliye chini ya miaka 18 ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Eleza kwa maandishi ni nini kitarekodiwa, nani atakiona, na lini kitafutwa. Onyesho la darasani kwa walioalikwa ni jambo moja. Ukitaka kuonyesha hadharani, filamu hupitiwa na kuainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, kwa madaraja ya GE, PG, 16 na 18. Hata kabla ya kufika huko, tumia madaraja hayo kama kipimo chako: ufunguzi wenye kisu na damu usiwaonyeshe watoto wa darasa la sita kwa sababu tu ndio waliokuwa karibu.

Chumba, picha na sauti

Nusu ya maoni mabaya kuhusu filamu za wanafunzi ni maoni kuhusu chumba. Projekta haiwezi kutoa weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni ukuta tu ambao haujamulikwa. Kwa hivyo jua likipenya dirishani saa nne asubuhi, weusi wako unakuwa kijivu na kichochoro chako cha usiku kinageuka ukungu. Ziba madirisha kwa mablanketi au vitambaa vizito; leso peke yake hupitisha mwanga. Ikiwa chumba hakizibiki, achana na projekta utumie televisheni ya inchi 32 hadi 43, watu sita kwa wakati mmoja, wakikaa mita mbili hivi kutoka kwenye skrini. Zima kwenye televisheni ile hali ya picha inayokoleza rangi na ile inayolainisha mwendo, kwa kuwa zote mbili hubadilisha ulichokihariri.

Sauti ijaribiwe feni ikiwa imewashwa. Joto la hapa halimruhusu mtu kuketi chumba kilichozibwa bila feni, na feni hiyo ndiyo itakayomeza nyayo, pumzi na mlango unaolia taratibu. Kaa kiti cha nyuma, usikilize sentensi yenye sauti ya chini kuliko zote. Usipoisikia, pandisha sauti au leta spika.

Ratiba iheshimu mji. Epuka Ijumaa adhuhuri na wakati wa magharibi. Adhana ikiingia katikati ya ukimya uliotengenezwa kwa uangalifu, watazamaji watanyamaza kwa heshima, nawe utadhani wamekolea. Jumamosi saa nne asubuhi hufaa sana. Mwezi wa Ramadhani, fanya baada ya tarawehe. Faili iwe kwenye laptopu yenyewe, nakala kwenye flashi, na betri imejaa, maana stima haitangazi safari.

Vitafunio? Ndiyo, lakini baada ya kuandika. Ukimpa mtu chai na mahamri kabla, umemfanya mgeni wako, na mgeni hasemi kasoro za mwenyeji. Isitoshe, mifuko ya krispi ina kelele.

Namna ya kuendesha kikao

Mwelekezi wa filamu asiwe msimamizi. Chagua mtu mtulivu wa kikosi, au mwanafunzi wa kikosi kingine. Utangulizi wake uwe sentensi mbili: "Mtatazama ufunguzi wa dakika 2. Rangi na muziki bado havijakamilika." Asiseme hadithi inahusu nini wala ilivyokuwa vigumu kupiga picha usiku.

Watu wawili wakae pembeni mbele, wanaziona nyuso. Kila mmoja awe na karatasi yenye vyumba 24, kila chumba sekunde 5. Wasiandike tafsiri kama "anaogopa"; waandike kitendo. S kwa aliyetazama simu, K kwa kicheko, N kwa aliyemnong'oneza jirani, M kwa aliyeegemea mbele, G kwa aliyegeuza uso. Mnong'ono ni wa thamani kubwa, kwa kuwa mara nyingi ni "Huyu ni nani?" Karatasi za waangalizi wawili zikikubaliana kwenye chumba kimoja, hapo pana jambo.

Filamu ikiisha, kimya. Gawa hojaji mara moja na kila mtu aandike peke yake dakika 7 bila kuzungumza. Hatua hii usiikate hata muda ukibana. Mtu mmoja mwenye sauti akitangulia kusema "Mimi sijaelewa," wengine watano watagundua kwamba hata wao hawajaelewa, na hutajua nani alikuwa mkweli.

Hojaji iwe ukurasa mmoja, pande mbili. Upande wa kwanza uwe na maswali ya wazi tu:

1. Simulia kwa sentensi tatu kilichotokea.
2. Mhusika mkuu ni nani? Umejuaje?
3. Ni wapi ulihisi wasiwasi kwa mara ya kwanza? Ni kitu gani kilikufanya uhisi hivyo?
4. Ni wapi ulipotea, au akili yako iliondoka?
5. Unadhani nini kitatokea baada ya hapa?
6. Hii ni filamu ya aina gani?

Swali la kwanza ndilo mfalme. Likijibiwa vizuri, mengine yote huwa rahisi. Likijibiwa vibaya, usihangaike na muziki.

Upande wa pili chapisha picha ndogo tatu kutoka kwenye filamu, na chini ya kila moja kipimo cha wasiwasi cha 1 hadi 4. Usiweke 1 hadi 5. Palipo na katikati, mtu mwenye adabu atakaa katikati, na utarudi nyumbani na safu ya namba 3 zisizokwambia kitu. Epuka pia maswali yanayojijibu, kama "Je, muziki ulitisha?", na yale yanayouliza mawili kwa pamoja, kama "Umeonaje sauti na mandhari?" Ruhusu mtu ajibu kwa Kiswahili, Kiingereza au Sheng, na asiyependa kuandika asimulie huku mtu akinakili maneno yake kama yalivyo.

Kisha onyesha mara ya pili. Sasa kila mtu ainue mkono anapochanganyikiwa au anapochoka, na msimamizi aandike sekunde bila kusimamisha filamu. Toa sekunde moja au mbili kwenye kila namba, maana mkono huchelewa kuliko akili.

Mazungumzo yafuate kwa dakika 15, si zaidi ya 20. Anza na mdogo kwa umri, umalizie na mkubwa. Ukianza na mkubwa, wadogo hawatampinga. Msimamizi awe na maswali matatu ya kufuatilia: "Wapi hasa?", "Kabla ya hapo ulikuwa unadhani nini?" na "Uliona au ulisikia nini kilichokufanya udhani hivyo?" Mwelekezi akae nyuma, kalamu mkononi, mdomo umefungwa. Akijieleza mara moja tu, "Hapana, yule alikuwa ni babake," kikao kimekwisha. Kuanzia hapo watu watajibu maelezo yake, si filamu. Ni vigumu kukaa kimya kazi yako ikisomwa vibaya. Kaa kimya vivyo hivyo.

Sikiliza kwa makini sana maoni kuhusu mavazi. Mwovu akivaa kanzu, au sura yake ikifichwa kwa buibui kwa sababu tu kamera inapenda weusi wake, watazamaji wengi wa hapa hawataona fumbo. Wataona jamii yao ikitiwa doa. Hata akisema mtu mmoja kati ya kumi na wawili, lichukulie kwa uzito. Hiyo si hesabu ya kura.

Kwa njia ya simu

Fomu ya mtandaoni hukuletea watu zaidi, lakini hukunyima chumba. WhatsApp hubana video inayotumwa kama video, na shoti za giza ndizo huharibika kwanza, zikajaa madoa ya mraba. Itume kama dokumenti, au weka kiungo cha YouTube kisichoorodheshwa. Muziki wa watu wengine ukiwemo, video inaweza kuzuiwa kabla hujapata jibu hata moja.

Kwenye fomu, swali la kwanza liwe: ulitazama kwa kifaa gani, na ulitumia vipokea sauti vya masikioni? Spika ya simu haitoi vizuri sauti nzito za chini ya hezi 200 hivi, na ule mngurumo ulioutegemea kuleta khofu huenda haukusikika kabisa. Mtu anayesema "ilikuwa kimya sana" pengine anasema kuhusu simu yake. Lakini kama watazamaji wako wengi ni wa simu, basi ongeza juu ya mngurumo huo sauti ya kati: pumzi, ufunguo, kandambili kwenye sakafu.

Kusoma ulichokusanya

Tengeneza jedwali. Safu za kulala ni watazamaji, M1 hadi M12. Safu za kusimama ni nyakati za filamu. Nakili maneno yao wenyewe, usiyafupishe. Kisha toa kusudio kwenye bahasha na ulinganishe. Kwa watu 12, jambo likisemwa na mmoja liweke kando, likisemwa na watatu lichunguze, likisemwa na sita au zaidi lirekebishe bila ubishi.

Tenga ugonjwa na dawa. Mtazamaji anajua panapomuuma, hajui kinachouma. Wakisema "punguzeni muziki" kwenye sekunde ya 70, huenda muziki hauna kosa. Wanauona mzito kwa sababu hawajui wamhofie nani. Rudi nyuma. Kuchanganyikiwa kwa sekunde ya 70 mara nyingi kuna chanzo chake kwenye sekunde ya 35, kwa mfano shoti ya mwanamume ilikaa sekunde moja tu, uso gizani, shati lake rangi moja na la ndugu wa msichana.

Haya ndiyo makosa yanayojitokeza zaidi, na sababu zake. Kicheko mwovu anapotokea: amekaa kwenye skrini muda mrefu mno, au anatazama kamera, kata mapema, onyesha mkono wake au kivuli chake tu. Watu hawakumbuki jina la filamu: liliandikwa juu ya shoti yenye tukio, jicho likafuata mtu, lihamishie kwenye shoti tulivu na liache sekunde 3. Kila mtu anataja kitu cha kutisha mwishoni na hakuna anayetaja wasiwasi wa kabla: umepata mshtuko, hujapata taharuki, mtazamaji apewe habari mapema. Na wakisema "inaanza polepole", angalia kwanza kama sekunde 20 za mwanzo zina swali lolote ndani yake kabla ya kukimbilia kuzifupisha. Shoti ndefu yenye swali haichoshi.

Maoni yakigongana, sita wakipenda mwisho na sita wakiukataa, tazama majibu yao ya swali la kwanza. Kwa kawaida utakuta kundi moja lilielewa hadithi na jingine halikuelewa. Hapo hakuna mgongano wa ladha. Kuna shoti haijaeleweka.

Duru ya pili na ripoti

Hifadhi kila toleo kwa jina lake, T1, T2, T3, wala usifute la zamani. Badilisha yaliyothibitika tu, na kwa kila badiliko andika mstari mmoja: ni nini, sekunde gani, kwa ushahidi upi. Kisha onyesha T2 kwa watazamaji wapya, chumba kilekile, hojaji ileile neno kwa neno. Ukibadilisha maswali huwezi kulinganisha. Ukiwaita wale wa kwanza watakwambia imekuwa bora, na watakuwa wanakupongeza kwa kuwasikiliza.

Katika ripoti ya mwalimu, usiandike "watazamaji walipenda". Andika kwa mtindo huu: "T1, sekunde ya 34: watu 7 kati ya 12 walidhani anayefuata ni ndugu yake (M2: 'nilijua kaka yake amekuja kumchukua'). Tulipiga upya shoti hiyo kwa shati jeupe, tukairefusha kutoka sekunde 1 hadi 2.5. T2: watu 2 kati ya 14 walidhani hivyo." Ambatanisha karatasi za waangalizi, hojaji zilizojazwa, na ile karatasi ya kusudio yenye tarehe. Badiliko lililokataliwa liandikwe pia pamoja na sababu yake. Mwalimu makini huanza kusoma hapo.